Siku ya Kulaza Vitabu

Jumatatu, 2 Oktoba

Sikukuu. Shule zote zimefungwa, lakini yetu haina wa kuifunga — mwalimu ni mimi, na mwanafunzi yuko chini ya meza ya chakula na konokono wake juu ya kifuniko cha sufuria.

Ratiba niliyoibandika ukutani inasema saa tatu kusoma, saa nne kuandika, saa tano hesabu. Nimeipamba kwa rangi. Thumbi ana miaka sita na nusu na hajawahi kuitazama, ila siku ile alipochora panya pembeni yake. Panya mzuri, sikatai.

Saa tatu nikamwita. Akasema konokono anakula. Nikasubiri. Nikamwita tena. Akasema sasa amekula, anapumzika, mbona bibi yake, Achamma, naye hupumzika akishakula na hakuna anayemwita? Nikamvuta mkono, nikamkalisha, nikafungua kitabu. Hizi herufi zetu za mviringo, kila moja kama kitumbua kilichoota mkia — hata mimi nawahurumia watoto. Lakini watoto wa wenzangu wanazisoma! Mjukuu wa dada Vilasini, jirani yetu, anasoma mabango ya sinema akiwa begani kwa baba yake, na bado ananyonya kidole.

Thumbi akautazama ukurasa kama mtu anayetazama ukuta. Nikamwonyesha neno. Kimya. Nikamtajia, akalirudia vizuri. Nikalirudia lile lile mstari wa pili. Kimya. Nilitamani kulia.

Na hapo asubuhi ilikuwa imeshaliwa. Kila siku, kabla sijamaliza kukaanga dosa, chapati zetu za mchele, Achamma ameshamchukua. Achamma ni mama wa mume wangu, tunakaa naye. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Nusu ya mtaa huu imejifunzia kusoma mikononi mwake. Sasa kazi yake ni moja tu, kukaa barazani na gazeti, na gazeti lenyewe analianzia ukurasa wa tanzia. Nani kafa, wa nyumba gani, kaacha nani. Mjukuu mapajani, wananong'onezana pale mpaka chai inapoa. Mwalimu mzima! Mtoto hajui kusoma, yeye anamhesabia maiti.

Jumanne, 3 Oktoba

Tumefiwa. Mbawakawa kaonekana amekufa kwenye ndoo ya kisimani.

Thumbi amesimama juu ya ngazi ya nyuma, mikono mgongoni, akatangaza: Mbawakawa, miaka themanini na minne, wa nyumba ya Ndoo, mstaafu wa shirika la umeme. Ameacha mke, watoto saba, mmoja yuko Kuwait. Mazishi alasiri chini ya mti wa maua mekundu. Akanitaka nivae sari nyeupe.

Saa ya hesabu imeishia makaburini. Nimesema sawa, tuhesabu basi hao watoto saba, ukiondoa wa Kuwait wanabaki wangapi. Akanitazama kwa masikitiko. Amma, akaniambia mimi mama yake, hapa watu wanalia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mume wangu Prasobh kapiga simu ya video kutoka Sharjah, anakofanya kazi. Nilijua kuna jambo, maana alianza kwa kusifia nywele zangu.

Kapata nafasi. Ile shule ya njiapanda, yenye mabasi ya njano. Mwalimu mkuu ni dada wa rafiki yake wa kazini. Darasa la kwanza, nafasi moja, anamshikia Thumbi mpaka Vijayadashami, siku ya watoto kuanza herufi. Kasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Angepiga kelele ningepata pa kushika.

"Remya, sisemi umeshindwa. Siku hiyo asome ukurasa mmoja mbele yangu, hapa kwenye simu. Akisoma, habari ya shule sitaitaja tena. Asiposoma, kesho yake anapanda basi."

Nikasema haya. Ningesema nini? Mwaka mzima namwambia anakaribia, anakaribia.

Lakini Prasobh hakuwepo. Hakumwona mwaka jana kule chekechea, akitapika kila asubuhi getini. Alipokosa herufi walimsimamisha juu ya benchi, wenzake wakimtazama. Mtoto huyu, ambaye mdomo wake haufungi hata akilala, aliacha kusema. Hata nyumbani. Alikuwa akionyesha maji kwa kidole. Ndipo nilipomvua begi mgongoni pale pale getini, nikamwambia mwalimu wake, mbele ya wazazi wote, kwamba mwanangu nitamfundisha mwenyewe.

Mbele ya wazazi wote! Mdomo huu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekumbuka jambo leo nikikuna nazi, mkono ukasimama. Vijayadashami ni Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Kabla yake ni siku ya kulaza vitabu! Jumapili jioni tunavilaza mbele ya Saraswati, mungu wa elimu, na tangu hapo hakuna kusoma, hakuna kuandika, mpaka asubuhi ya Jumanne. Mimi nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, naye Prasobh vilevile, tukakubaliana siku ya mtihani pasipo hata mmoja kukumbuka kwamba siku za mwisho za kujiandaa ni haramu kugusa kitabu.

Kumwambia aongeze siku? Atadhani natafuta kisingizio. Acha.

Jumanne, 10 Oktoba

Ukurasa nimeuchagua mimi. Mbuzi na mwavuli. Mistari sita, picha kubwa. Mtoto yeyote angetaka kujua mbuzi kaupata wapi mwavuli.

Thumbi hataki kujua. Asubuhi ya kwanza alisema mbuzi huyo ana macho ya uongo. Ya pili akasema tumbo. Leo alisoma "mbuzi", nikaruka kwa furaha, nikampigia makofi, nikamwambia haya endelea, neno la pili, unaliweza, unaliona hili, linaanza kama jina lako — akafunga mdomo, basi. Nikamtajia. Nikamtajia tena. Mwishowe nikapaza sauti. Nilisema ninyi watoto mnataka mama zenu wafe ndipo msome.

Akaniuliza taratibu, miaka mingapi?

Nini miaka mingapi?

Ukifa. Tutaandika miaka mingapi?

Nikatoka nje. Dada Vilasini alikuwa ukutani anaanika nguo, kasikia yote. Akanipa ile methali ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Halafu akacheka, akasema kwako wewe sijui hata ni mama au ni ulimwengu unaofunza. Nimemjibu kwamba nguo zake zinadondosha maji upande wetu.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekosana na Achamma. Si kwa makelele — sisi hatupigi makelele, tunagonga vyombo.

Jana jioni nilimwomba aniachie mtoto asubuhi. Akili ikiwa bado mbichi, nikasema, ndiyo wakati wa kusoma. Yeye akauliza, na sisi pale barazani tunafanya nini? Nikasema mnasoma vifo, mama. Akakunja gazeti mara nne, kama anavyokunja sari ya harusi, akasema amefundisha watoto wengi, na hajaona hata mmoja aliyejifunza kusoma huku ameshikwa kidevu.

Nilimshika kidevu jana asubuhi. Kumbe aliona.

Nikasema wewe huna siku ya mwisho, mimi ninayo. Akasema, hilo ni kweli, mwanangu. Akaingia ndani. Na leo hii mtoto aliamka, kabla ya kunawa, kabla ya mswaki, akaenda moja kwa moja barazani mapajani kwa bibi. Nimewaacha. Sina nguvu ya vita viwili.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikukuu ya Navaratri imeanza. Mvua ya alasiri na radi zake.

Niandike na mema, nisije nikasoma daftari hili uzeeni nikadhani nilizaa jiwe. Leo sikufundisha, umeme ulikatika. Thumbi kapanga vifuu vya nazi uani kupima mvua. Kimoja chini ya mpapai, kimoja peupe, kimoja chini ya bomba la bati. Akaniuliza mbona cha mpapai kina maji machache, je, mti hunywa kwanza kabla ya kutugawia? Akauliza kama radi ina magoti. Akauliza bibi wa babake Achamma alikuwa mtoto wa nani, tukaenda nyuma mpaka Achamma akaishiwa na watu. Akakaanga ndizi pamoja nami, akizigawa kwenye sahani: hii ya Achan, baba yake, japo yuko mbali, asije akasikia tumekula bila yeye. Akaila yeye.

Mtoto huyu si mjinga. Mungu wangu, si mjinga hata kidogo. Sasa kwa nini, nikifungua tu kitabu, anaondoka na kuniachia mwili kwenye kiti?

Alhamisi, 19 Oktoba

Jana tulifanya mazoezi na simu. Nilijirekodi nikijifanya Achan. Thumbi alitazama simu, akatazama mbuzi, akatazama simu.

Leo asubuhi katapika.

Ni krispi za fenesi za dada Vilasini, alikula nyingi. Mafuta yenyewe ya juzi. Nimempa maji ya bizari nyembamba, na somo nimelisogeza saa tano.

Ijumaa, 20 Oktoba

Katapika tena. Krispi hakula.

Jumapili, 22 Oktoba

Vitabu vimelazwa.

Achamma alitandika kitambaa chekundu mbele ya picha ya Saraswati, taa ikawashwa, mchele wa kupondwa na sukari guru kwenye jani la mgomba. Halafu akapita nyumba nzima kama askari wa forodha. Leteni vyote! Kalamu. Kalenda ya ukutani — mama, nayo? — nayo. Bisibisi na koleo za Prasobh, maana navyo ni vyombo vya kazi. Mbuzi yangu ya kukunia nazi nimeikatalia, nikamuuliza tutakula nini.

Thumbi ndiye aliyenishinda. Alikuwa kama mtu anayehama nyumba. Kitabu cha mbuzi na mwavuli kikaenda cha kwanza, chini kabisa, juu yake akapanga vingine vyote, vizito vizito. Kibao. Chaki. Akapanda kiti, akaibandua ratiba yangu ukutani kwa uangalifu, pembe moja moja, akaikunja akaiweka. Akamuuliza bibi, hata Amma haruhusiwi? Akaambiwa hata Amma. Kugusa kabisa? Kabisa. Hapo akaimba. Sijamsikia akiimba hivyo tangu mvua zianze.

Mwisho Achamma akavua miwani yake, akaipangusa na ncha ya sari, akailaza juu ya rundo. Nikamwambia miwani si kitabu, utajigonga. Akasema anajifahamu. Mlevi wa gazeti asiachiwe chupa mezani. Kuona mlango anaona. Kisichoonekana ni herufi, na hicho ndicho kilichokatazwa.

Nikaulizwa kama nimetoa vyangu vyote. Nikasema vyote.

Daftari hili nililitumbukiza kwenye pipa la mchele. Sijui kwa nini. Miaka yote nimekuwa nikililaza pamoja na vitabu. Labda ni kwa sababu kesho Prasobh atapiga kutaka jibu siku moja kabla, na sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba tumeshindwa. Nimeshindwa. Jumatano mtoto anapanda basi la njano, na mimi ndiye nitakayemvalisha lile begi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Siku ya kutoandika. Naandika tena. Nisamehewe — nimekaa juu ya gunia la makapi ndani ya stoo, na kalamu yenyewe ni ile ile ya jana, penseli ya fundi seremala niliyoiokota dirishani, ambayo Achamma hakuiona.

Asubuhi Thumbi hakutapika. Kala dosa tatu. Kacheza na konokono, kanisaidia kuchambua dengu bila kuitwa, kaongea mpaka masikio yakaniuma. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Siku nzima bila somo, na mtoto mzima. Kumbe ugonjwa ni nini basi? Sitaki kulijibu hilo swali. Dengu zilikuwa na mawe.

Gazeti la leo lilikuja kama kawaida. Achamma akaamuru nilipeleke kwenye vitabu vilivyolazwa likiwa limekunjwa hivyo hivyo, asilisikie hata harufu. Nililiweka mimi, kwa mkono wangu, juu ya miwani.

Saa sita hivi nikaenda kuongeza mafuta kwenye taa. Gazeti likawa limelala kombo. Jembamba. Miwani ipo, karatasi ya katikati, ile ya tanzia, haipo. Nikadhani upepo. Nikatafuta chini ya kiti. Nikamwita Achamma, kimya. Nikamwita Thumbi, kimya. Nikatoka uani, nikapita kisimani, na hapo ndipo niliposikia sauti kwenye zizi la zamani. Zizi hilo halina ng'ombe tangu tumuuze, tunaweka kuni tu. Limeshikana na stoo kwa ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zina nyufa.

Nikaingia stoo, nikalitoa daftari kwenye pipa la mchele, na sasa nimekaa hapa kwenye makapi. Nasikia kila kitu.

Anasoma.

Thumbi anasoma! Si kukariri — gazeti la leo hili, hakuna aliyelifungua, na bibi hana miwani. Sauti ya mtoto, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe: "Madhavikutty. Miaka themanini na minane. Wa nyumba ya… Pu… Puthen…" Akakwama.

Achamma hakusema kitu. Nilisubiri amtajie. Mimi ningekuwa nimeshamtajia, na kumpigia makofi, na kumwonyesha neno la pili. Achamma akajikuna mguu, nikausikia mkwaruzo. Kuku akapita. Kimya kikawa kirefu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kulitamka kwa midomo, gizani humu, kama mwendawazimu.

"Puthenpurayil," akasema Thumbi. "Mjane wa marehemu Raghavan, aliyekuwa fundi wa saa. Watoto, Sulochana, Babu wa Muscat, na… Achamma, huyu ana jina la kwetu." Akaendelea. Wakwe. Wajukuu hawakutajwa, akalalamika kwamba si haki. Mazishi saa nane, nyumbani.

Achamma akasema, fundi wa saa Raghavan! Alinitengenezea saa ya ukutani, haikutembea tena. Wakacheka wote wawili, mikono midomoni.

Nilitaka kuupita ukuta huu. Nilitaka kumbeba, nimpeleke barabarani, kwa dada Vilasini, nimpigie Prasobh simu nimwambie toka ofisini usimame usikie. Tumepona! Benchi hakuna, basi hakuna. Nilishainuka. Nilishashika komeo la mlango.

Ndipo nikasikia:

"Achamma, tusimwambie Amma."

Bibi yake akauliza kwa nini, mama yako atafurahi sana.

"Atafurahi, halafu ataleta kitabu."

Mimi nikakaa tena. Makapi yananiwasha miguuni na siwezi kujikuna, watasikia.

Miezi mingapi? Kila asubuhi pale barazani, na mimi jikoni nagonga vyombo. Sauti niliyodhani ni ya bibi. Yule mbawakawa na mtoto wake wa Kuwait. Nina hasira na Achamma, nina hasira mpaka meno yanauma. Mwanamke huyu kaniona nikilia juu ya mbuzi na mwavuli na hakusema. Lakini kama angesema ningefanya nini? Ningeleta kitabu. Mtoto wangu ananijua.

Sasa Achamma anamwambia, haya, mmoja wa mwisho, huyu mwenye masharubu, kabla mama yako hajatutafuta.

Simu.

Simu yangu inaita, kwenye mkunjo wa sari. Prasobh. Alisema angepiga mchana wa leo, mwalimu mkuu anataka jibu kabla ya kesho. Picha yake imejaa kioo, anatabasamu, kola imenyooshwa. Nikimwambia anasoma, atasema vizuri, mpe simu asome. Ukurasa mmoja tu. Nitapita mlango wa zizi na simu mkononi, nao watanyanyua macho, na Thumbi ataniona. Nikimwambia hasomi, ni begi, ni Jumatano.

Inaita. Upande wa pili wamenyamaza, masharubu yamekatika katikati ya jina.

Sasa Thumbi, kwa sauti ya chini kabisa, lakini mbao hizi hazifichi kitu:

"Achamma, likalie gazeti. Amma yuko karibu."

Simu bado inaita.